Ng'ombe wa Mama Ukutani

Ijumaa ile jioni nilisimama kwenye foleni ya watu wenye mawazo, na kila aliyekuwa mbele yangu alikuwa na wazo kubwa kuliko langu. Mmoja alitaka ndege ndogo zisizo na rubani zipeleke dawa vijijini. Mwingine, kijana wa viatu vyeupe pe, alikuwa amegundua namna ya kumaliza ukosefu wa kazi Kenya nzima kwa kutumia simu, na alihitaji dakika moja tu kutueleza. Dakika moja ndiyo tuliyopewa sote. Mratibu alikuwa na kengele ya mezani kama ile ya mapokezi ya hoteli, na ukizidisha aliigonga huku akitabasamu. Nilimchukia kuanzia hapo.

Ukumbi wenyewe ulikuwa kwenye jengo jipya mjini Nakuru, bado ukinuka rangi. Sikuwa nimewahi kuhudhuria mashindano ya namna hiyo. Tangazo nililiona kwenye kundi la simu la tuliosoma pamoja chuoni. Mpangilio ulikuwa hivi: Ijumaa watu wanataja mawazo yao na kupigiwa kura kwa vikaratasi vya kunata, na wanaopita wanaunda timu. Jumamosi mnakwenda kuwauliza wateja kama kweli wana hiyo shida mnayodai wanayo. Jumapili mnasimama mbele ya majaji. Timu itakayoshinda ingepewa meza katika ofisi yao kwa mwaka mzima, na intaneti, na mtu wa kuwashika mkono mpaka kampuni isimame.

Nilikuwa naitaka ile meza kuliko kitu chochote. Nilifanya kazi kwenye cyber moja mjini, duka la kompyuta na intaneti, nikiwajazia watu maombi ya vitambulisho na ya kodi, na mwenye cyber alikuwa ametuambia kwamba anafunga ili afungue duka la chipsi. Nilikuwa na chumba kimoja mtaani Kaptembwo na diploma ya kompyuta iliyolala chini ya godoro isikunjike. Niliona njia mbili tu mbele yangu: kwenda Naivasha kufungasha maua kama binamu yangu, au kurudi nyumbani kwa mama. Kufungasha maua si aibu. Kurudi nyumbani kwa mama, baada ya maziwa yote aliyouza ili nisome, hiyo ningeiona aibu kila asubuhi nikifungua macho.

Wazo langu lilikuwa la ng'ombe. Programu kwenye simu ya kumkumbusha mfugaji mdogo ng'ombe yupi alipandwa lini, atazaa lini, alichanjwa lini. Nilisema kwamba mfugaji wetu huweka hayo yote kichwani, na siku akiugua yeye, kumbukumbu za boma zima zinaugua pamoja naye. Nikaketi kabla ya kengele. Nilipata vikaratasi vya kutosha kupita, nadhani kwa sababu wengi mle ndani walikuwa wametoka kwenye nyumba zenye ng'ombe, ingawa viatu vyao vilikataa.

Watu wawili walijiunga nami. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana wa kuandika programu, mwepesi wa mkono na wa mdomo pia. Wa pili alikuwa msichana mpole aliyejua kuchora na kupanga slaidi. Wazazi wake wote wawili walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya maua, wakiishi Karagita, kule Naivasha, na yeye alikuwa amekuja Nakuru kwa ajili ya wikendi hiyo tu, akilala kwa shangazi. Tulipeana mikono kama watu waliooana bila kuchumbiana.

Mratibu alitangaza kwamba Jumapili kila timu ilete mashabiki, maana makofi ya ukumbi nayo yangehesabiwa kidogo. Nikampigia simu anko. Anko ni mdogo wa marehemu baba yangu, mwalimu aliyestaafu, anaishi mtaa wa Section 58, hapo hapo Nakuru. Nilikaa nyumbani kwake miaka yote ya chuo, mkewe akinisuka nywele jikoni. Alifurahi mpaka nikamsikia akimwita mkewe aje asikie. Akasema akitoka kanisani atakuja moja kwa moja.

Jumamosi kijana aliazima gari la kakake tukapanda kuelekea Molo, kwa mama, kwa sababu mteja wa kwanza unayemjua ni yule aliyekuzaa. Njiani alinionyesha kwenye simu ukurasa wa kwanza aliokuwa ametengeneza. Juu kabisa palikuwa na kisanduku kimoja chenye nyota nyekundu: Idadi ya ng'ombe. Usipokijaza, programu haikuruhusu kuendelea. Nikautazama, mimi mtoto wa nyumba ile, nikamwambia umetoka vizuri.

Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Wanaangaliwa. Jioni mama husimama kwenye lango, macho yake yanapita juu ya migongo yao, na kama mmoja hayupo anajua ni yupi na pengine amebaki wapi. Lakini kunyoosha kidole na kusema mmoja, wawili, watatu, hilo halifanyiki, na kumtajia mtu wa nje jumla yao ni kama kumwalika nyumbani aje achukue. Hata sisi watoto wake hajawahi kutuhesabu. Siku ya sensa karani alipomuuliza ana watoto wangapi, mama alimwambia hao hapo, ahesabu mwenyewe, na akaingia ndani asione. Nilikuwa nikiwasimulia wenzangu chuoni kisa hicho na tunacheka sana.

Kuna jambo la pili, na hilo sikulichekea kamwe. Mwenye ng'ombe kwetu hawaweki wote kwenye boma moja. Baadhi huwapeleka kwa watu anaowaamini. Anayemtunza anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na hakuna karatasi. Ni kwa sababu ya ugonjwa na ukame, na pia kwa sababu ya macho ya watu. Miaka ile ya fujo za uchaguzi boma letu lilivunjwa likaachwa tupu, na tulichoanzia maisha upya ni wale ng'ombe waliokuwa kwa watu. Mmoja alirudishwa na familia ya kabila ambalo tulikuwa tumeambiwa ni la maadui zetu. Walimleta wenyewe kwa miguu, pamoja na ndama wake.

Baba alipofariki, mama aliendelea vivyo hivyo, na sasa kulikuwa na sababu nyingine. Sababu hiyo ilikuwa anko. Anko si mtu mbaya, naandika hivyo na ninamaanisha. Lakini aliamini kwamba ng'ombe wa kaka yake ni wa ukoo, kwamba yeye na baba waliwachunga wazazi wa ng'ombe hao wakiwa watoto peku peku kwenye umande, na kwamba mjane ni mtu anayeweza kuamka siku moja akaolewa nao kwingine. Kila Krismasi aliuliza kuna ng'ombe wangapi siku hizi, kwa sauti ile ile ya kuuliza kama mvua imenyesha. Na kila Krismasi mama alimwongezea chai.

Mama alitupokea kwa bashasha zote. Alikuwa amevaa sweta yake ya kijani ya kutokea, na baridi ya Molo ilikuwa imewafanya wageni wangu wajikunyate kama vifaranga. Kijana akafungua simu, akaeleza vizuri tu, kwa adabu, kisha akauliza swali la kwanza. Mama akasema wapo. Akauliza tena, wapo wangapi. Mama akaanza kuwaeleza: huyu mweusi ni msumbufu wakati wa kukamua, yule wa madoa mama yake alikuwa hivyo hivyo. Kijana akajaribu kuandika sifuri, programu ikakataa, kwa kuwa aliitengeneza mwenyewe ikatae. Akacheka. "Mathe, tupatie tu namba, ata ya kukadiria."

Mama akanitazama. Halafu akawaambia wageni waende wakamwone ndama aliyezaliwa juzi, akaniita jikoni.

"Hii kitu ni ya maana kwako?" akaniuliza.

Nikamwambia ni ya maana. Akauliza kama ni sana. Nilikuwa nimekusudia kumjibu kwa utulivu, nikajikuta namwaga kila kitu: cyber inafungwa, sijui kodi ya nyumba ya mwezi ujao nitaitoa wapi, kuna meza, na nikiipata hiyo meza hutanisikia tena nikilalamika. Nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilikasirika kwamba mtu mzima kama mimi anamlilia mama yake jikoni kwa ajili ya namba.

Mama aligeukia moto. Akawataja, kwa sauti ya chini, kwanza wale wa bomani, kisha wale walio kwa watu, nyumba kwa nyumba: huyu yuko Elburgon kwa mama fulani wa kanisani, hawa wako kule juu njia ya Mau Narok kwa mzee aliyetahiriwa pamoja na baba yako. Alipomaliza akatamka jumla. Sikuwa nimewahi kuisikia maishani mwangu. Sitaiandika hapa.

"Sasa umejua," akasema. "Hata baba yako sikuwahi kumhesabia hivyo."

Nilirudi kwa wageni nikaijaza ile namba kwa kidole changu mwenyewe. Programu ikafunguka, ikaonyesha alama ya kijani. Msichana mpole alimpiga mama picha pale langoni, mama akicheka, mkono mmoja juu ya mgongo wa yule mweusi msumbufu. Ilikuwa picha nzuri sana. Mpaka leo ninayo, na siwezi kuifungua.

Tulipokuwa tunateremka kurudi mjini, kijana akasema kwamba mathe ametupiga chenga. Namba aliyotupa haikulingana na ng'ombe tuliowaona bomani. Hata ukiongeza ndama haifiki. Alisema bila ubaya, wakulima huongeza kidogo wakijua kuna mradi. Damu ikanipanda. Mama alikuwa amefanya jambo ambalo hakuwahi kulifanyia mtu yeyote, amelifanya kwa ajili yetu, na huyu anaketi nyuma ya usukani wa gari la kuazima anamwita mwongo. Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, tena kwa ukali: waliobaki wako kwa watu, huyu Elburgon, hawa njia ya Mau Narok, na nikataja rangi zao na wanaowatunza ili ajue kwamba mama yangu habuni ng'ombe.

Akapunguza mwendo. "Ngoja kwanza. Ziko kwa watu, na hakuna mahali imeandikwa?"

"Kichwani."

"Manze," akasema, "hiyo ndiyo startup. Hiyo ndiyo kampuni yenyewe."

Na kweli, tulipofika ukumbini, washauri waliokuwa wakizunguka kwenye meza zetu walisikia habari hiyo wakaacha kutazama simu zao. Programu za kumbukumbu za ng'ombe walikuwa wameziona nyingi. Ng'ombe waliotawanywa kwa watu, wanaotunzwa kwa neno la mdomo tu, hilo hawakuwa wameliona. Walituambia tuache mengine yote tushike hilo. Ramani, wakasema. Mfugaji afungue simu aone ng'ombe wake wote walipo. Mmoja wao alinipiga begani akaniambia nimekalia dhahabu na sikujua.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Sikuwa nimezoea kutazamwa namna hiyo na watu wenye kompyuta za bei. Nilikubali ile ramani, kwa sharti moja tu, kwamba vitone viwe vya kubuni. Weka Baringo, nikamwambia kijana, weka Narok, weka popote pasipo kwetu. Akasema sawa, hakuna shida. Msichana mpole naye alisikia. Giza lilipoanza kuingia niliwaacha wakiendelea, nikapanda boda kwenda Kaptembwo, kwa kuwa mimi ndiye niliyepaswa kuzungumza kesho yake na nilihitaji kukariri.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa watu waliotoka makanisani, akina mama wenye vilemba na watoto wenye soksi nyeupe. Anko alikuwa safu ya pili, koti lake la kahawia limefungwa vifungo vyote, kofia magotini. Aliponiona aliinua kidole gumba kama kijana. Nikajisikia vizuri. Kati ya watu wote mle ndani, ni yeye peke yake aliyekuja kwa ajili yangu.

Nilizungumza, na nilizungumza vizuri. Niliwaambia kuhusu desturi yetu ya kuwaweka ng'ombe kwa watu, kuhusu familia iliyorudisha ng'ombe kwa miguu, na nikasikia ukumbi umetulia. Kisha nikampisha kijana aonyeshe programu yenyewe. Picha ya mama ikatokea ukutani, kubwa kuliko mlango, akicheka na sweta yake ya kijani, na chini yake maneno: Mfugaji wetu wa kwanza. Hilo nililijua, lilinifurahisha hata. Halafu akafungua ramani.

Ilikuwa ramani ya kwetu. Niliitambua barabara kabla ya kusoma jina lolote. Hapa Molo, hapa Elburgon, hapa ile njia inayopanda kuelekea Mau Narok, na kwenye kila mahali palipokuwa na ng'ombe wa mama palikuwa na kitone chekundu kinachopepesa. Kijana akakigusa kimoja kwa furaha. Yakatokea maelezo: mwekundu, bato jeupe usoni, kwa mama wa kanisa. Akagusa kingine. Pembeni, juu, ilisomeka jumla, ile ile iliyotamkwa jikoni huku mgongo umegeuzwa.

Nilimtazama anko. Alikuwa ametoa miwani mfukoni na kuivaa, ameinamia mbele, viwiko magotini, kofia imeanguka sakafuni na hajaiokota. Midomo yake ilikuwa ikienda taratibu. Alikuwa anahesabu.

Nilitamani umeme upotee, maana Nakuru umeme hupotea kwa mambo madogo kuliko hayo. Haukupotea. Kijana alimaliza, watu wakapiga makofi, na jaji mmoja, mama mtu mzima tuliyeambiwa amefanya kazi na wafugaji miaka mingi, akavuta kipaza sauti karibu. Alisema timu nyingi zimemwonyesha vitu vizuri vya kufikirika tu. Kisha akanigeukia mimi, si kijana.

"Nataka kujua kitu kimoja. Hii data ni ya mfugaji wa kweli, ama mmeweka tu ya kuonyesha? Kwa sababu kama huyu mama aliwaamini na hii, basi mmefika mahali hakuna timu ingine imefika."

Kila mtu mle ukumbini alielewa nini kilikuwa kimewekwa mbele yangu. Kijana alikuwa tayari ananitabasamia. Meza ilikuwa hapo, mwaka mzima, na nilichotakiwa kufanya ni kusema kweli.

"Ni ya kuonyesha," nikasema. "Tumeibuni."

Jaji akauliza, na huyu mama kwenye picha je?

"Ni mama tu tulimpata njiani, akakubali tumpige picha."

Nilimkana mama yangu mbele ya watu wote wale, akiwa ukutani anacheka. Jaji akaandika kitu, akasema asante, na sauti yake ilikuwa imepoa. Tulipoteremka jukwaani kijana hakunitazama. Majina yalipotangazwa, meza ilikwenda kwa yule wa viatu vyeupe, atakayemaliza ukosefu wa kazi Kenya nzima. Namtakia mema, mimi mwenyewe bado naisubiri hiyo kazi.

Tuligombana kwenye ngazi. Kijana alisema nimewauza, kwamba amekaa macho mpaka asubuhi akiandika kitu cha kweli na mimi nimesimama mbele ya watu nikakiita uongo. Nikamwambia aliahidi vitone vya kubuni. Akasema alijaribu, ila vya kubuni vilionekana vya kubuni, na alidhani nikiona vinavyopendeza nitaelewa. Hakuwa na habari ya anko. Sikuwa nimemwambia, kwa kuwa mambo ya nyumbani hayaelezwi kwa mtu uliyemjua Ijumaa. Msichana mpole alikuwa akilia pembeni, amekumbatia begi lake. Yeye pia alikuwa akiitaka ile meza, na jioni hiyo ilibidi arudi Karagita akawaambie wazazi wake.

Anko alikuwa akinisubiri nje. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema nimezungumza kama mwalimu, na kwamba majaji wa siku hizi hawana masikio. Akaninunulia soda kwenye kioski. Tulisimama kwenye jua tukaongea habari za mkewe, za mgongo wake unaomsumbua, za nyanya zilivyopanda bei. Nikaanza kupumua. Nilijiambia kwamba labda hakuona vizuri, labda macho yake yamezeeka, labda ule uongo wangu umefanya kazi.

Alipokuwa anavaa kofia yake akasema, "Mama yako ametoka vizuri sana kwenye hiyo picha."

Hapo ndipo nilipouona upumbavu wangu wote. Nilikuwa nimesimama jukwaani nikamdanganya jaji, nikaitupa kazi ya wenzangu, nikaitupa meza yangu, ili kumficha mama kwa mtu aliyekula wali wa harusi yake. Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri; mdomo ulikwenda wenyewe kujaribu kuzuia mlango ambao tayari ulikuwa umeng'olewa. Nilimaliza soda yangu kwa sababu alikuwa ananitazama.

Katikati ya wiki alipanda kwa mama. Mama mwenyewe ndiye aliyenipigia kunieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa. Anko amekuja, ameleta mkate na sukari, amekaa sana, amekusifu. Ametaka kujua yule mwekundu wa Elburgon, mwenye bato usoni, anaendeleaje. Amesema wazee watakaa wakati fulani waongee, hakuna haraka, ni mambo ya familia tu. Nilijaribu kueleza. Niliongea mfululizo, ramani, kijana, ahadi, jaji, nilivyokataa. Mama aliniacha nimalize. Kisha akasema mvua inakuja, acha aanue nguo.

Nilipanda Molo mwisho wa wiki. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na yote yaliniishia nilipomwona amekaa kwenye kigoda akichambua mboga, amevaa sweta yake ya kila siku. Niliomba msamaha kwa namna mbaya, nusu nikijitetea. Aliniambia nisilie. "Uliniuliza, nikakupea," akasema. "Hukuiba." Alisema bila kinyongo, na mimi ningependa kinyongo, maana kinyongo mtu anaweza kukibembeleza kikaisha.

Boma lilikuwa limepungua. Yule mweusi msumbufu hakuwepo, wala wa madoa. Nilizunguka nyuma nikidhani wako malishoni, nikamkuta ndama peke yake na jirani yetu akirekebisha ua. Nilimuuliza, naye akasema hajui, na aliinamia nyundo yake haraka mno. Baadaye jioni mama wa kanisani alipita kumsalimu mama, na katika maongezi yao nikaelewa kwamba kwake Elburgon nako hakuna tena ng'ombe. Mama alikuwa amewahamisha wote. Sijui alifanyaje hayo kwa siku chache vile, mwanamke wa umri wake, kwa miguu yake iliyochoka.

Nilifurahi, kusema kweli. Niliona ameshinda, anko na wazee wake wakija watakuta majani tu. Nikaingia jikoni na furaha hiyo, nikaketi pale pale alipokuwa amenihesabia, nikamuuliza kwa sauti ya chini, ya mtu wa nyumbani, amewapeleka wapi.

Alikuwa anakoroga ugali. Hakugeuka.

"Wako mahali pazuri," akasema.

Nikasubiri aendelee. Nilisubiri kwa muda mrefu kiasi kwamba sote wawili tulijua ninasubiri. Alipunguza kuni, akafuta mikono kwenye leso, kisha akaniuliza kwa upole kama nitakula kabla ya kwenda, au nina haraka.